Tairi imekubali rimu, gari imeikataa: kisa cha Prado 120 ya mzee wa Goba

Hii kazi ilinichukua karibu wiki tatu tangu gari inaingia gereji mpaka inatoka, na naiandika yote kama ilivyokuwa kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuja na swali lile lile, "fundi, hizi tairi kubwa zitaingia kwenye rimu zangu za kiwandani?" na ukimjibu ndio au hapana hujamsaidia chochote. Rimu ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi iko kwenye nafasi inayoizunguka tairi ikishafungwa, na pale ndo watu hawapimi, wanatazama gari imesimama imependeza basi wanalipa wanaondoka.

Mimi ni fundi wa mambo ya chini, shokapu, bushi, stelingi na alaimenti, niko Tabata. Gari ni Toyota Land Cruiser Prado 120, ile iliyotengenezwa 2002 mpaka 2009, TX ya petroli, injini ya 2.7 silinda nne, otomatiki, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Mwenye gari ni mzee mstaafu anakaa Goba ana shamba la ufuta Rufiji upande wa kwenda Mloka, kwa hiyo mara mbili kwa mwezi anashika barabara ya Kilwa, Mbagala, Vikindu, Mkuranga mpaka Kibiti halafu lami anaiaga. Wanaoijua ile njia wanajua, kiangazi ni makorongo na vumbi, masika ni ule udongo mweusi unaonata kama ulimbo, unajaa kwenye kashata, yale mabonge ya mpira ya uso wa tairi, mpaka tairi inakuwa laini kama imepakwa mafuta, hapo hata ukanyage mafuta vipi unajizungusha tu palepale.

Masika iliyopita mzee alikwama huko akalala ndani ya gari mpaka trekta ilipokuja asubuhi. Tairi zake zilikuwa vipara, hilo alilikubali mwenyewe. Kijana wake kwa kumwonea huruma baba yake akamtafutia seti ya tairi nne za 285/70R17, zile za kashata kubwa zenye alama ya LT ubavuni, yani za malori madogo, zimetumika kidogo, milioni moja na laki sita zote nne, fundi pancha akazivisha kwenye rimu zilezile za gari na kusema "zimeingia safi kabisa kaka". Na hakudanganya, kwenye rimu ziliingia safi.

Mzee alikuja kwangu kama wiki nne baadae. Nimemwamkia, kakaa kwenye benchi, kanyamaza kidogo afu akasema, "Mwanangu, hii gari naiogopa." Akaanza kueleza. Akirudi nyuma kutoka getini kwake huku amekunja stelingi mpaka mwisho kunalia kwaruuu, mama akiwa ndani anasikia. Akifika 85 au 90 stelingi inatetemeka. Kwenye milima ya Goba gia haitulii, inapanda inashuka inapanda. Mafuta yanakwenda. Amepigwa tochi ya spidi ya trafiki Mkuranga kwenye eneo la 50 na anaapa mshale ulikuwa palepale anapouwekaga siku zote. Na la mwisho, ambalo yeye alilitaja kama jambo dogo tu, safari iliyopita alipata pancha ya nyuma akafunga spea akarudi nayo mpaka Dar, na tangu siku hiyo kuna mvumo nyuma kama wa mashine ya kusaga ikisikika kutoka mbali.

Hilo la mwisho ndo lilinifanya nisimwachie gari aondoke nayo.

Nianze na hesabu maana bila hesabu hapa ni kubishana tu. Saizi ya kiwandani ya hii gari ni 265/65R17. Ile 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, 17 ni rimu kwa inchi. Ukipiga, ubavu ni milimita 172, mara mbili, ongeza rimu ya milimita 432, unapata kimo cha tairi nzima milimita 776. Ile 285/70R17 ukipiga hivohivo inatoka 831. Tofauti milimita 55, asilimia 7. Watu wanasikia 7 wanaona ndogo. Sasa kumbuka tairi za mzee zilikuwa vipara, na tairi iliyolika inakuwa fupi, nilizipima kwa tepu zikiwa zimeegemea ukuta zikatoa 764, kwa hiyo kwa mzee mruko halisi ulikuwa karibu asilimia 9, siku moja tu, saa mbili za fundi pancha.

Hapo tochi ya Mkuranga inajieleza yenyewe. Gari inahesabu spidi kwa mizunguko, haijui kama umevaa tairi ndefu. Nilizirudisha zile vipara kwa muda nikaenda barabarani na GPS ya simu, dashibodi ikisema 80 simu inasema 75, ni kawaida, gari za kiwandani huwa zinaonyesha spidi juu kidogo ya ukweli kwa makusudi. Nikavisha zile 285, dashibodi 80, simu 81 na pointi. Mzee kwa miaka amezoea kutembea na 54 ya mshale kwenye maeneo ya 50 na tochi ilikuwa haimgusi, sababu 54 yake ilikuwa kweli 51 haijafika. Kwa tairi mpya 54 ileile ni 55. Alikuwa mkweli kabisa, mshale ulikuwa palepale, na elfu 30 yake ikaenda.

Na mafuta pia, hapa naomba uelewe vizuri sababu watu wengi wanajidanganya kwa pande zote mbili. Mzee ni mtu wa daftari, anaandika kila lita. Zamani alikuwa anapata kilomita 7 na nusu kwa lita, sasa 6.3. Ukiangalia haraka utasema amepoteza asilimia 16. Lakini zile kilomita za dashi nazo zimepunjwa, kila kilomita 100 za dashi ameenda karibu 109, kwa hiyo 6.3 yake kwa ukweli ni kama 6.8 na kidogo. Kapoteza kweli, karibu asilimia 9, ila nusu ya maumivu ilikuwa ya saa ya kilomita kudanganya. Inayobaki ni uzito na kashata. Nilichukua gurudumu zima, tairi na rimu, nikalipeleka kwenye mizani ya duka la mchele la jirani, la 285 likatoa kilo 38, la spea ya kiwandani kilo 30. Kilo 8 kwa kila gurudumu, na ni kilo zinazozunguka, kila ukiondoka kwenye taa za Ubungo unazisukuma zianze kuzunguka na kila ukifunga breki unazizuia. Injini ya 2.7 inasikia. Gia ndo maana haitulii mlimani, tairi ndefu ni sawa na kufungiwa difu (zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) nyepesi kwa spidi na dhaifu kwa mlima. Na breki, pedi ni zilezile, diski ni ileile, lakini tairi ina mkono mrefu zaidi wa kushindana na breki, mguu unabidi ukanyage zaidi. Mzee wa umri ule na barabara ya Kilwa yenye malori, mimi hilo lilinisumbua kuliko kelele za getini.

Sasa rimu. Nilizifungua nikageuza moja, ndani pamechongwa 17x7½, na ofseti yake ni 30, maana yake nitaieleza mbele. Upana wa inchi 7 na nusu. Tairi ya 285/70R17 watengenezaji wanaipima kwenye rimu ya 8 na nusu, na ruhusa yake inaanzia 7 na nusu kwenda juu. Yani imeruhusiwa, ila imesimama mlangoni kabisa. Haichomoki, haivunji sheria, lakini rimu nyembamba inazibana mbavu za tairi na uso unavimba katikati kama mgongo wa kobe. Tairi za inchi 35 zinataka rimu pana kuliko hiyo, huko usiguse kabisa kwa rimu ya kiwandani.

Upepo ulifanya mgongo wa kobe uwe mbaya zaidi. Kwenye kibandiko cha mlangoni Toyota wameandika psi 29, psi ndo kipimo cha upepo. Fundi pancha aliona tairi nzito ya LT akajaza 45. Nilichukua chaki ya mwanangu wa darasa la tatu nikachora mstari mnene kukata uso wa tairi bega kwa bega, nikaendesha mita hamsini kwenye zege la jirani, nikashuka kuangalia. Kwa 45 chaki ilifutika katikati tu, upana wa kiganja, mabegani imebaki nyeupe kama ilivyochorwa. Gari ilikuwa inatembea juu ya kiganja! Nikashusha 40, nikachora tena, 36, nikachora tena. Kwa 36 ilibaki chaki upana wa kidole kila bega. Kwa 32 ilifutika karibu yote lakini tairi za LT zinahitaji upepo zaidi ya tairi za kawaida kubeba uzito uleule, kwa hiyo chini ya 34 sikukubali. Tukaishia 36 na stelingi ikabadilika siku hiyohiyo, ile kuyumba kufuata mistari ya malori ikapungua. Mtetemo wa 85 ulikuwa ni balansi, zilibalansiwa upande mmoja tu, zikarudiwa pande zote mbili kwenye mashine ikaisha. Hiyo ni kazi ya nusu saa, naipita.

Tunakuja kwenye kwaruuu.

Kila mtu aliyepita gereji alikuwa na jibu. Mmoja akasema inyanyuliwe inchi 2. Mwingine akasema weka spesa, yale mabati mazito ya kusogeza gurudumu nje, mwingine akasema tupa hizo rimu nunua pana zenye ofseti ya sifuri. Mimi nilimwomba mke wangu unga wa ngano robo kilo, nikaukanda mgumu kama wa chapati, nikabandika madonge unene wa vidole viwili sehemu nne kila upande wa mbele: kwenye kile kikalio cha bodi juu ya chesisi nyuma ya gurudumu, pale penye mpira mkubwa na boliti, kwenye plastiki ya ndani ya madigadi kwa mbele karibu na bampa, kwenye mkono wa juu, na kwenye kile kipande cha kuzuia matope. Nikakunja stelingi kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, mbele, nyuma, afu nikapandisha gurudumu moja kwenye rampu ili springi ibanwe nikarudia yote. Halafu unachukua kisu unakata donge katikati unapima unene uliobaki. Donge halibishani na mtu.

Mkono wa juu, milimita 12, salama. Bampa mbele, milimita 8. Kikalio cha bodi, donge lilipasuka likadondoka, na chuma chenyewe kilikuwa kimeshang'aa kama shilingi mpya, rangi imeliwa yote, na begani kwa ndani tairi ina mikato inayofuatana kama imekatwa na msumeno. Hiyo tairi ni ya kwenda kubeba familia barabara ya Kilwa.

Sababu ya kulia zaidi akirudi nyuma nayo nikaipata. Ukirudi nyuma gurudumu la mbele linaivuta gari kwa nyuma, na zile bushi za mkono wa chini zinakubali kidogo, gurudumu linasogea nyuma kuelekea kikalio. Bushi za mzee zilikuwa za zamani, nikiweka nondo naona mkono unacheza. Nikabadili bushi zote za mkono wa chini, afu kwenye alaimenti nikatumia zile boliti za kurekebishia mkono wa chini kulisogeza gurudumu mbele kadri vipimo vya gari vinavyoruhusu. Nikabandika unga upya. Kikalioni nikapata milimita 4 gari ikiwa tambarare, nikafurahi, nikapandisha kwenye rampu, sifuri. Na bampa mbele iliyokuwa 8 imebaki 3. Umetoa hapa umeweka pale.

Kuhusu kunyanyua, na hili naliandika taratibu sababu watu wanatapeliwa hapa. Kunyanyua gari kunaongeza nafasi JUU ya tairi. Kikalio cha bodi kiko NYUMA ya tairi. Ukiwa tambarare umekunja stelingi mpaka mwisho tairi inakifuata kikalio kwa kuzunguka, hata unyanyue gari inchi 2 bado itakifikia. Kunyanyua kunasaidia springi inapobanwa, na kwenye hizi Prado ukinyanyua bila kurudia alaimenti vizuri unaweza ukalisogeza gurudumu nyuma zaidi ukaanza upya.

Na spesa au rimu za ofseti ya sifuri, hapo ndo nasimama upande wa rimu za kiwandani kwa nguvu zangu zote. Ofseti 30 maana yake sehemu ya kufungia nati iko milimita 30 nje ya katikati ya rimu, kwa hiyo rimu imeingia ndani, iko karibu na mhimili ambao gurudumu linazungukia ukikunja. Chukua rimu ya 8 na nusu yenye ofseti sifuri, ukingo wake wa nje unatoka kama milimita 43 zaidi. Gurudumu likiwa mbali na mhimili, ukikunja linachora duara kubwa, bega la tairi linaenda mbele zaidi na nyuma zaidi, linakula bampa na kikalio vyote kwa pamoja. Beringi za magurudumu nazo zinabeba kwa mkono mrefu. Nimeshapokea gari tatu mwaka huu ambazo zilikuwa zinagusa kidogo kwa rimu za kiwandani, mwenyewe akanunua rimu pana za kupendeza, zikaanza kugusa kila kona. Zile rimu za kiwandani zilizodharauliwa ndo zilikuwa zinamwokoa.

Sasa spea. Tairi nne kubwa, ya tano mlangoni nyuma ikabaki 265/65 ya zamani. Nilipoisoma ile tarehe ubavuni, zile namba nne za mwisho, 3408, yani wiki ya 34 ya 2008. Kabla ya pancha ile haikuwahi kugusa ardhi na imepasukapasuka kama kisigino cha mtu wa shamba, watengenezaji wengi wa tairi wanasema ikifika miaka 10 itoe hata kama kashata zimejaa. Mzee alifunga hiyo nyuma kulia, kushoto ipo 285, akatembea zaidi ya kilomita mia moja. Kwenye kila mzunguko upande mdogo unatakiwa uzunguke zaidi kwa asilimia 7 kuufikia mwenzake. Zile gia ndogo ndani ya difu zimetengenezwa kufanya kazi kwenye kona, sekunde chache, afu zipumzike. Yeye alizikatisha kona moja kutoka Kibiti mpaka Goba. Na hii gari inavuta magurudumu yote muda wote, kwa hiyo difu ya katikati nayo haikupata pumziko. Nilipofungua oili ya difu ya nyuma ilitoka nyeusi ina harufu ya kuungua, na kwenye sumaku ya nati kuna uji wa chuma wa kupaka kidole kizima. Tulifungua difu, washa zake zimelika, beringi moja imeanza kuacha alama, hiyo ndo ilikuwa inavuma. Hii ndo gharama kubwa kuliko zote kwenye kisa kizima na hata mtu mmoja hakuwa ameitaja wakati anauziwa tairi.

Mzee nikamwita tukakaa na kijana wake. Nikamwambia njia ziko tatu na zote ni za kweli, hamna ya uongo. Anaweza kubaki na 285, lakini tukate kile kikalio kwa grainda na kuchomelea bati upya pande zote mbili, tutoe plastiki za bampa, anyanyue kidogo, anunue 285 ya tano kwa ajili ya spea, na mlango wa nyuma uimarishwe sababu bawaba zilizobeba kilo 30 sasa zinabeba 38 kwenye rafu. Kuna watu hiyo ndo njia yao, wanaingia porini wiki nzima na gari ya pili iko nyumbani, sina neno nao. Ya pili ni kurudi 265/65 mpya ya kashata. Ya tatu ni 265/70R17, inaingia katikati, kimo chake 803, asilimia 3 na nusu hivi juu ya kiwandani, rimu ya 7 na nusu iko ndani ya ruhusa yake sio mlangoni.

Kijana akaniuliza swali zuri, "Kaka, lakini si tunapoteza kwenda juu?" Nikamchorea chini kwa chaki. Tairi ndefu inainua gari nusu tu ya tofauti, maana nusu iko chini ya ekseli nusu iko juu. Kwa hiyo 285 ilikuwa imemwinua mzee sentimita 2.7 juu ya kiwandani. Kwa 265/70 anapata 1.3. Tofauti ni sentimita moja na nusu, upana wa kidole gumba. Kilichomkwamisha kule hakikuwa kidole gumba, ni kipara. Udongo mweusi unataka kashata zenye nafasi za kutema tope, na unataka dereva anayejua kushusha upepo mpaka 20 akifika mwisho wa lami na ana kompresa ndogo ya kujazia akirudi. Mzee hakuwa na kompresa.

Mzee alikaa kimya afu akauliza jambo moja tu, "Ipi kati ya hizo mama yenu anaweza kuendesha mimi nikiugua?" Basi, tukachukua 265/70.

Tulinunua tano, sio nne, mpya, za kashata za kati sio zile kubwa za porini tupu, na nilisoma namba ya uzito ubavuni kabla hela haijatoka, ya kiwandani ni 112 ambayo ni kilo 1,120 kwa tairi moja na usikubali kamwe chini ya hapo hata bei iwe tamu vipi. Hizi zina 115. Nati nikazikaza kwa spana ya kipimo, newtoni mita 112 (kipimo cha hii gari, imetokea tu namba ikafanana na ile ya uzito) na nikamwambia arudi baada ya kilomita 100 nizikaze tena, akarudi. Nikamwambia pia awajulishe watu wake wa bima kwamba saizi imebadilika, ni barua ya mistari minne, siku ya ajali inakuwa na uzito.

Unga nikabandika mara ya tatu. Kikalio milimita 17 tambarare, 9 kwenye rampu. Bampa 14. Mkono wa juu kama ulivyokuwa. Chaki kwa psi 33 ilifutika bega mpaka bega. GPS, dashi 80 simu 78 na kitu, mshale sasa uko karibu na ukweli kuliko hata ulivyotoka kiwandani, nikamwandikia kwenye karatasi na kuibandika kwenye kinga-jua ili asirudie mazoea ya 54. Gurudumu zima kilo 32.

Ameshaenda shamba mara tano tangu hapo, mbili kati ya hizo mvua zikinyesha kweli. Safari moja alikwama karibu saa nzima, akashusha upepo akatoka mwenyewe, alinipigia simu kutoka kulekule na sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini. Daftari linasema kilomita 7.1 kwa lita, ukirekebisha saa ni kama 7.4 na kitu. Difu imenyamaza, ila oili nimemwambia tutaibadilisha tena mapema, sitaki kuisubiri kilomita za kitabu baada ya ule uji niliouona.

Zile 285 zilibaki ukutani kwangu, tatu nzima na moja yenye mikato begani ambayo niliitoboa mwenyewe kwa drili isije ikauzwa na mtu. Akaja kijana wa Tegeta anazitaka zote tatu, ana moja yake nyumbani, Prado 120 hivyohivyo, hela ipo mkononi. Nikamwambia lete kwanza gari. Akaileta kesho yake, imenyanyuliwa inchi 2, kikalio kilishakatwa na kuchomelewa vizuri kabisa na fundi anayejua kazi, nikasema huyu yuko tayari. Kumbe amefunga rimu za 8 na nusu za ofseti sifuri. Tukavisha tairi mbili za majaribio, nikabandika unga, kwenye rampu donge la bampa likapasuka pande zote mbili. Nikamuuliza rimu zako za kiwandani ziko wapi. Akasema ziko uani kwao, kuku wanalalia. Akapanda bodaboda akazifuata.